Kiazi kwenye Kioo

Mzee Ezekia alimnyang'anya mama mdogo funguo za gari siku ya Jumapili, nje ya kanisa, kwenye mnada.

Huku kwetu Njombe ibada ikiisha watu hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wanasimama kwenye nyasi, na vile vitu walivyotoa sadaka vinanadiwa: kuku, mayai, maharage, viazi, parachichi. Anayenadi ni mzee Ezekia, kwa sababu ni mzee wa kanisa na kwa sababu ana sauti. Akisema "kuku huyu hapa!" hata watu wa ng'ambo ya bonde wanajua leo kuna kuku. Jumapili hiyo alikuwa ameshika jogoo kwapani. Akatazama watu, akasema kwa sauti ileile ya jogoo:

"Kabla sijaendelea. Cresensia yuko wapi? Cresensia, leta funguo za gari langu. Hapa hapa, watu waone. Umemvunja bibi Lidia mkono. Gari langu si la kujifunzia."

Watu wakageuka. Festo, ambaye naye ni dereva na alikuwa analitaka lile gari siku nyingi, akasema, "Mpe huyo jogoo aendeshe, mzee. Yeye angalau anaona alfajiri."

Wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha.

Mama mdogo alipita katikati yao akaziweka funguo mezani, kando ya trei la mayai. Yeye akikasirika mdomo unanyamaza, mikono ndiyo inaanza kusema. Siku hiyo nyumbani alisugua sufuria mpaka nikadhani itatoboka.

Mama mdogo Cresensia ni Mpangwa wa Ludewa, mdogo wake mama yangu. Zamani alikuwa mpishi kwenye kambi ya mbao kule Matembwe. Siku moja dereva wa lori aliumwa, mbao zimeshapakiwa, mvua inakuja, na wanaume wote wanatazamana. Mama mdogo akanawa mikono, akapanda. Alikuwa amekaa karibu na yule dereva safari nyingi akipelekwa sokoni, na macho yake hayakuwa ya kutazama miti tu. Aliliteremsha lori mpaka barabarani. Baadaye akapata leseni. Aliolewa na Mbena, akafiwa, akabaki Njombe, na mimi nilipoacha shule nikaletwa kukaa kwake. Wengine wanajisifu kwa shamba, wengine kwa watoto. Yeye alikuwa na kitu kimoja, kwamba ukipanda gari lake unafika.

Gari lenyewe ni Noah kuukuu ya mzee Ezekia. Aliinunua kwa mtu wa Dar es Salaam, ikaja huku imechoka rangi lakini injini nzima. Mama mdogo alikuwa anaiendesha Ludewa na kurudi, akibeba wagonjwa, wafanyabiashara, mabibi waliokwenda kusalimia wajukuu.

Tatizo la lile gari lilikuwa kioo cha mbele. Asubuhi ya baridi, watu wakishaingia na makoti yao yamelowa, kioo kinapata ukungu kwa ndani. Unafuta, unarudi. Alimwambia mzee Ezekia si mara moja. Mzee akamjibu, "Paka kiazi. Madereva wote wanapaka kiazi."

Ni kweli, wanapaka. Njombe viazi haviishi, na kila dereva utamkuta na nusu kiazi kwenye dashibodi, anasugulia kioo. Kwa nje, mvua ikinyesha, kinasaidia kidogo. Kwa ndani kinaacha michirizi tu kama kamasi za mtoto. Mama mdogo alikuwa anapaka kwa sababu mwenye gari amesema apake.

Siku ya ajali nilikuwa kiti cha mbele, tunatoka Ludewa. Tulikuwa tumeshaipita Mlangali. Ukungu ulikuwepo nje, lakini ukungu wa nje mama mdogo anaujua, anapunguza mwendo, anafuata ukingo wa barabara. Wa ndani ndio uliotushinda. Bibi Lidia alikuwa nyuma yangu na kitenge kimelowa, wengine wanne wanapumua, kioo kikafumba kama mtu amekifunika shuka. Mama mdogo akawa anafuta kwa mkono mmoja, anasema, "Ema, futa upande wako, futa!" Nikafuta. Nilipopata kuona nje niliona mtaro. Tulilalia ubavu polepole kabisa, hata kuku wa mtu hakufa. Ila bibi Lidia alijikinga kwa mkono, mkono ukavunjika.

Basi. Hilo ndilo lililonadiwa pamoja na jogoo.

Mama mdogo alikwenda kumsalimia bibi Lidia na chupa ya uji. Akabisha, "Kamwene, bibi." Bibi akajibu kutoka ndani, mlango haukufunguliwa, "Uji wako kamnyweshe aliyekufundisha gari." Akarudi nao. Tuliunywa sisi, umepoa, hakuna aliyesema ni mtamu.

Gari lilivutwa mpaka Makambako kunyooshwa bodi. Baada ya muda mama mdogo akasema twende tukachukue vitu vyake vilivyobaki ndani: mwavuli, kitabu cha nyimbo, jeki aliyonunua mwenyewe. Tukapanda basi.

Gereji ile ya Makambako iko karibu na pale malori yanapolala. Upepo wa pale unakupiga mpaka masikio yanauma. Tulikuta bampa imetolewa, gari liko wazi mbele kama mdomo usio na meno. Kando yake alikuwepo fundi wa AC anaitwa Elius. Ukiuliza fundi wa AC anafanya nini kwenye baridi ile, jibu ni malori. Madereva wanaokwenda Dar hawataki kufika Ruaha wanachemka. Elius ni mtu wa maneno mengi, anavaa miwani ya jua hata kukiwa na mawingu.

Akamuuliza mama mdogo, "Dada, hili ndilo ulilolilaza mtaroni?"

"Ndilo."

"Ulikuwa umesinzia?"

"Kioo kilijaa ukungu."

"Sasa si ungewasha AC?"

Mama mdogo akamtazama kama anatukanwa. "AC? Tulikuwa tunatetemeka humo ndani, wewe unaniambia niwashe baridi?"

Elius akavua miwani. "Dada, AC haileti baridi tu. Inakausha hewa. Unawasha AC, unaweka na joto, unaielekeza kwenye kioo. Hewa kavu inanyonya ule unyevu, kioo kinafunguka. Madereva wa malori wote wanajua." Akainama pale mbele palipokuwa wazi, akaingiza mkono. Akapapasa huku na huku. "Haya, njoo uone. Mkanda wa kompresa uko wapi?"

Hakukuwa na mkanda. Puli ya kompresa ilikuwepo, ina kutu, haina kinachoizungusha. Waya wake ulikuwa umechomolewa, ukakunjwa vizuri, ukafungwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Kitu kilichokatika chenyewe hakijifungi mpira.

Mama mdogo akachukua simu, akampigia mzee Ezekia, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mzee. Niko Makambako kwenye gari. Mkanda wa AC ulienda wapi?"

"Mkanda wa AC?" Sauti ya mzee ilijaza gereji. "Si niliukata mwenyewe siku gari lilipofika! Ile kitu inakunywa mafuta. Njombe hii AC ya nini? Unataka kumpoza nani?"

"Uliukata kabla hujanipa gari?"

"Ndiyo. Kuna nini kwani?"

"Na nilipokwambia kioo kinajaa ukungu?"

"Nikakwambia upake kiazi. Hukupaka, ndiyo maana ukaangusha watu."

Mafundi wote walikuwa wameacha kugonga. Mama mdogo alikuwa ameshika ule mpira wa baiskeli, anauvuta, anauachia, anauvuta. Nikadhani atapiga kelele. Akasema taratibu, "Mzee, naomba ruhusa nitengeneze AC. Kwa gharama yangu."

Mzee akacheka sana. "Tengeneza! Ukitaka weka na friji humo ndani. Ila gari likikamilika Jumapili ulilete kanisani, nitamkabidhi Festo."

Akakata. Mama mdogo akamgeukia Elius. "Umesikia. Amenipa ruhusa. Anza."

"Kompresa imekufa hiyo," Elius akasema hapohapo. "Miaka haijazunguka. Ninayo nyingine nzuri, imetoka kwenye gari la..."

"Umejuaje imekufa na hujaigusa?"

"Dada, mimi ni fundi."

"Na mimi ni mteja mwenye hasira. Izungushe kwa mkono."

Elius akaingiza mkono akaizungusha sahani ya mbele. Ilikwama kidogo, ikalia kama mlango wa zizi, halafu ikazunguka. Akaizungusha tena, ikawa nyepesi. Akacheka akiangalia chini. "Haijafa. Imelala."

"Basi usiiuze maiti wakati imelala."

Ndivyo walivyofanya kazi siku ile, yeye akisukuma maneno, mama mdogo akiyarudisha. Elius alibonyeza pini ya bomba la gesi kwa bisibisi. Haikutoka hata pumzi. Gesi yote ilikuwa imetoroka zamani. Akasema zile pete za mpira kwenye maungio zinahitaji mafuta yanayozunguka na gesi, na mtu asipowasha AC kabisa zinakauka na kupasuka. "Huku ndiko mnakoziua," akasema. "Watu wa joto wanaziharibu kwa kuzitumia. Nyie mnaziharibu kwa kuzionea huruma mafuta."

"Usiniambie nyie," mama mdogo akasema. "Mimi sikukata."

Elius akajaza upepo kwenye mabomba, akapaka povu la sabuni kila penye ungio. Sehemu mbili povu likachemka. Akabadilisha pete hizo, na nyingine zote maana zilikuwa za umri mmoja. Halafu akataka kuunganisha mashine ya kunyonya hewa, mama mdogo akamzuia.

"Upepo wa ndani ulikuwa hafifu hata nikiweka feni ya mwisho. Huko nako kuna nini?"

Elius akataka kusema ni kawaida, akaona uso wake, akaacha. Wakafungua droo ya dashibodi. Nyuma yake kuna chujio la hewa. Mama mdogo alilivuta mwenyewe, na likatoka pamoja na kiota cha panya: majani ya miti ya misindano, nyuzi za gunia, na maganda ya viazi. Lile gari linalala uani kwa mzee Ezekia, penye magogo ya misindano. Akakishika kile kiota kwa mikono miwili akakiangalia.

"Hewa yote ya watu wangu ilikuwa inapita hapa," akasema. "Nilikuwa nasali, Ema. Nilikuwa nasema Mungu nionyeshe nilikosea wapi. Usiku na mchana najiuliza macho yangu yameanza kufa au nini. Kumbe nilikuwa nimepewa gari lililofumbwa macho."

Akakitupa kwenye moto wa mafundi. Kiliwaka kwa mlio.

Mkanda mpya ukafungwa, ukakazwa, na waya ukarudishwa. Mashine ya kunyonya hewa ikaunguruma wakati sisi tunakula mihogo ya kuchoma, na mama mdogo hakuondoa macho kwenye ile geji. Elius aliizima akasema tusubiri tuone kama mshale utarudi. Haukurudi, maana yake hakuna panapovuja. Akaweka gesi. Akaniambia nikae ndani nibonyeze kitufe chenye alama ya theluji, kile ambacho mzee alikuwa amekibandika plasta tangu mwanzo. Nikabandua plasta, nikabonyeza. Mbele ya injini pakasikika "tak!" na ile puli iliyokuwa imelala ikaanza kuzunguka.

Malipo yalikuwa viazi vyetu, msimu mzima wa shamba la nyuma ya nyumba. Elius alivifuata mwenyewe na pikapu. Sisemi zaidi, ila mwezi ule tulikula ugali na maharage mpaka nikaota maharage.

Jumapili tukaliendesha kanisani. Ilikuwa ile mvua ya Njombe isiyonyesha wala isiyoacha, manyunyu na ukungu pamoja, makoti ya watu yote yamelowa. Ibada ikaisha, watu wakatoka. Mzee Ezekia akaenda mezani, akashika jogoo mwingine. Mama mdogo akamfuata.

"Mzee, kabla hujaendelea. Njoo ulipokee gari lako."

"Mpe Festo funguo."

"Nitampa. Ila wewe ndiye mwenyewe, ulikague kwanza. Festo naye aje. Na bibi Lidia, kama atakubali, akae palepale alipokaa."

Bibi Lidia alikuwa amesimama na mkono wake umefungwa shingoni. Alimtazama mama mdogo muda mrefu. Mimi nilidhani atatema mate. Akasema, "Nitakaa. Nataka nikione alichokuwa anakitazama."

Mzee Ezekia akakaa kwenye usukani, bado ana jogoo, mtu akampokea. Festo kando yake. Bibi nyuma, na mimi, na wengine wawili waliotaka kuona, na mama mdogo amesimama nje mlangoni kwa mzee. Akawasha injini kwa kupitisha mkono mlangoni. AC hakuiwasha. Akasema, "Pandisheni vioo," akaufunga mlango.

Tukakaa tunapumua. Haikuchukua muda. Kioo kikaanza pembeni, kikaja katikati, kikafumba chote. Kanisa likapotea. Watu wakapotea. Tulikuwa kama ndani ya yai.

Mama mdogo akafungua mlango kidogo, akampa mzee nusu kiazi. "Paka."

"Cresensia, usinifanyie mchezo."

"Madereva wote wanapaka kiazi, mzee. Paka."

Akapaka. Alipaka mduara mkubwa mbele yake, halafu akanyoosha mkono akapaka mwingine upande wa Festo. Ule weupe ukawa weupe wenye michirizi. Festo akafuta kwa kiganja, ukarudi.

"Sasa endesha," mama mdogo akasema. "Mpaka getini tu."

"Nitagonga watu!"

"Watu gani? Unawaona?"

"Siwaoni! Ndiyo maana nasema nitagonga!"

Kando yangu bibi Lidia akashusha pumzi. "Kumbe," akasema. "Kumbe ndivyo alivyokuwa anaona."

Mama mdogo akanyoosha mkono kupita kifuani kwa mzee, akaelekeza upepo kwenye kioo, akaweka joto, akabonyeza kitufe. Tak. Kioo kikaanza kufunguka kutoka chini, kama mtu anakunja pazia. Kwanza tukaona viatu vya watu, halafu magoti, halafu meza ya mnada na jogoo, halafu nyuso zote za usharika zinatutazama.

Hakuna aliyecheka humo ndani. Mzee Ezekia akasafisha koo. "Vizuri," akasema chini chini. "Basi kesho uanze kazi. Festo tutaongea."

"Sijasikia," mama mdogo akasema.

"Nimesema kesho uanze."

"Mzee, uliniita mvunja mikono ya watu pale mezani, kwa sauti ya mnada. Hapa unanong'ona kama unakopa. Twende mezani."

"Sasa hayo ni ya nini, si tumeelewana?"

"Mimi na wewe tumeelewana. Hao hawajaelewa."

Mzee akaendelea kukaa. Nilidhani atakataa, na nadhani hata yeye alidhani hivyo. Lakini bibi Lidia akampiga begani na mkono wake mzima, si kwa upole. "Shuka, Ezekia. Mkono wangu uliunadi bila kuniuliza. Leo unadi na hili."

Akashuka. Akasimama mezani. Akasema kulikuwa na hitilafu kidogo kwenye gari.

"Hitilafu gani?" mama mdogo akauliza kutoka nyuma ya watu.

"Ya mkanda."

"Mkanda ulifanya nini?"

Mzee akamtazama jogoo, kama jogoo angemsaidia. "Niliukata."

"Sauti, mzee. Ng'ambo ya bonde hawajasikia."

Na mzee Ezekia, uso umemvimba, akasema kwa ile sauti ya kuku: aliukata mkanda mwenyewe ili abane mafuta, Cresensia alimwambia kuhusu kioo naye hakusikia, na mkono wa bibi Lidia ni mzigo wake yeye. Maneno ya mwisho hayo hakuyatafuta mwenyewe. Bibi Lidia alikuwa amesimama kando yake akimtazama mdomoni.

Akamwita Cresensia mezani, akamnyooshea funguo. Mama mdogo akazichukua. Hakusema asante. Watu walikuwa wanasubiri aseme, mchungaji alikuwa ameshaanza kutabasamu, lakini hakusema. Aligeuka akaenda kwenye gari, akamkuta Festo bado kakaa mbele, anajipasha joto.

"Shuka."

"Mama, nilikuwa natania tu siku ile..."

"Jogoo anashuka alfajiri. Wewe umechelewa."

Tukampeleka bibi Lidia kwake. Mama mdogo alikuwa amebana meno, anabadilisha gia kama anavunja kuni. Mlangoni bibi akasema, "Ule uji, uniletee." Mama mdogo akajibu, "Nitaleta." Hayo ndiyo yalikuwa yote.

Tulipobaki wawili nikachukua kitambaa nifute ile michirizi ya kiazi ya mzee, iliyokuwa imekaukia kwa ndani.

"Iache," akasema.

"Inachafua kioo, mama mdogo."

"Futa mbele yangu mimi, nione njia. Huo mduara wa upande wako uache."

Upo mpaka leo, mduara mkubwa wa kiazi, upande wa abiria. Mzee Ezekia anapotaka kwenda Matembwe kuangalia mbao zake, anapenda kukaa nyuma. Mama mdogo anamfungulia mlango wa mbele.